Simba wa Kanda na Simba wa Tsavo

Tarehe 27 Oktoba 1998 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa filamu ya katuni iitwayo The Lion King II: Simba's Pride. Filamu hiyo haikupitia majumba ya sinema ya Marekani kama ilivyopita ile iliyoitangulia; ilikusudiwa tangu mwanzo iuzwe kwa kanda na itazamwe sebuleni, watoto wakiwa wamekaa mkekani na mama akiwa jikoni. Miezi miwili baadaye, mwezi wa Desemba, ilitimia miaka mia moja tangu kuuawa kwa wale simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli, katika nchi hii hii iliyo jirani na mji wetu wa Voi. Hatudhani kwamba huko California yuko aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja. Sisi tunaokaa hapa, ambao jina la Simba kwetu si jina la kubuni, hatuna budi kuyaweka pamoja.

Tumeona vyema kuliandika jambo hili kwa sababu kila likizo ya shule inapowadia filamu hizi hufufuka. Deki za kanda zimekwisha kuwa takataka za stoo, na sahani za dividii zinaelekea huko huko. Siku hizi mzazi huenda dukani na flashi yake, akatiwa filamu kumi kwa bei ya soda mbili tatu, akarudi nyumbani. Mwezi wa Desemba 2024 ilitoka nyingine, Mufasa: The Lion King, na mwezi wa Aprili 2025 ikauzwa kwa dividii. Kwa hiyo ukoo huu wa simba wa katuni umeingia majumbani mwetu kwa zaidi ya miaka thelathini. Wapo leo kina mama wanaowawekea watoto wao filamu ile ile waliyoitazama wao walipokuwa na meno ya utoto.

Filamu ya kwanza, The Lion King, ilitoka kwenye sinema mwezi wa Juni 1994. Kabla ya kuichora, baadhi ya watengenezaji wake walisafiri hadi Kenya, wakazuru Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate karibu na Naivasha ili waione nchi, mwanga wake na majabali yake. Tarehe 3 Machi 1995 ikatolewa kwa kanda huko Marekani, na hapo ndipo ulipoonekana utajiri ambao hata wenye mali hawakuutazamia: zaidi ya kanda milioni 30 zilinunuliwa. Kampuni ikatambua kwamba mzazi atalipa mara moja ili mtoto atazame mara mia. Mwaka 1994 ilikuwa imekwisha kulijaribu jambo hilo kwa kuutoa mwendelezo wa hadithi ya Aladdin moja kwa moja kwenye kanda, kwa gharama ndogo kuliko ya filamu ya sinema. Baada ya hapo ikawa desturi, na simba naye hakuachwa. Simba's Pride ilipatikana mwaka 1998, na The Lion King 1½ ikafuata mwezi wa Februari 2004.

Hilo la kutazama mara mia ndilo tunaloomba wazazi wenzetu walizingatie. Filamu ya sinema mtu huiona mara moja akaenda zake, na baada ya mwezi hubaki na kumbukumbu ya picha mbili tatu. Filamu ya nyumbani hurudiwa hata mtoto akayajua maneno yake kabla ya mnyama mwenyewe kufungua kinywa. Mtoto hapa haangalii hadithi tu, anahifadhi. Na sisi watu wa pwani na jirani zetu twajua vizuri nguvu ya kuhifadhi, kwani watoto wetu hufundishwa hivyo tangu wangali wadogo. Basi ni haki kuuliza ni kitu gani hasa kinachohifadhiwa.

Tuanze na majina, kwa kuwa majina ni yetu. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki. Pumbaa, yule ngiri mnene, amepewa kitenzi cha kupumbaa. Sarabi, mama yake Simba, amebeba neno la mazigazi, yale maji ya uongo yanayong'ara barabarani wakati wa jua kali, kama tuyaonavyo kila siku njia ya Maungu. Katika filamu ya mwaka 1998 wakaongezwa wengine: Kovu, Zira, Nuka, Vitani. Hayo hayahitaji mkalimani. Kovu ni kijana atakayeumizwa usoni. Zira ni mama aliyejaa chuki na kususa. Nuka ni mwanawe mkubwa asiyejua kujisafisha. Vitani amezaliwa kwa ajili ya vita. Mtoto wa Chicago husikia sauti nzuri ngeni. Mtoto wa Voi husikia maana, na huanza kumjua mhusika kabla hajatenda lolote. Hii ni fadhila moja ambayo filamu hizi zimempa mtoto wetu bila kukusudia.

Lakini lugha haikutendewa haki sana. Filamu ya kwanza ilitiwa sauti za Kizulu kwa ajili ya watazamaji wa Afrika Kusini, na hata ule wito wa mwanzoni, jua linapochomoza, ni wa Kizulu, kazi ya Lebo M. Kiswahili kilichotoa majina hakikupewa heshima ya kuzungumzwa filamu nzima. Katika Simba's Pride umo wimbo ambamo Rafiki anawachukua vijana wawili hadi mahali pa mapenzi paitwapo "Upendi". Neno lililotakiwa ni upendo, bila shaka. Mswahili akilisikia haraka hudhani ameambiwa "hupendi", jambo ambalo lingeufanya wimbo mzima uwe wa talaka. Tunacheka, lakini kampuni yenye fedha za namna ile ingeweza kumuuliza mwalimu yeyote wa darasa la tatu, naye angelisahihisha bila kutaka malipo. Katika mfululizo wa runinga uitwao The Lion Guard, ulioanza mwaka 2015, mambo yalitengenea kidogo: fisi akaitwa Janja, mamba akaitwa Kiburi, tai mla mizoga akaitwa Mzingo. Hapo unahisi kwamba yuko mtu aliyefungua kamusi.

Jina moja halituchekeshi. Miongoni mwa fisi wa filamu ya kwanza yuko jike mmoja, kiongozi wao, aitwaye Shenzi. Kwa Mmarekani ni sauti tu. Kwetu ni neno lenye historia, na historia yenyewe imepita hapa hapa. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Mombasa kwenda Taveta na Kilimanjaro ilikatiza nchi ya Wataita, na watu wa misafara hiyo, wengi wao wakiwa wa pwani, waliwaita watu wa bara washenzi. Baadaye wakoloni wakalichukua neno hilo wakalitumia kwa wote, wa pwani na wa bara, bila kubagua. Leo misikitini Voi wanasimama safu moja Waswahili, Wataita, Wasomali na wenye asili ya Bara Hindi. Wameoana, wamezikana, wajukuu wao hawajui waanze kuhesabu ukoo upande gani. Mtoto akilitoa neno hilo kwenye katuni akampachika mwenzake uwanjani, hasemi neno la katuni. Analiamsha neno ambalo nyanya wa yule mwenzake pengine aliambiwa na mtu wa ukoo wetu. Hatusemi filamu ifungiwe kwa jina moja. Twasema mzazi asinyamaze linapotamkwa, kwa sababu kimya chake mtoto hukihesabu kuwa ni ruhusa.

Kuhusu "hakuna matata", limesemwa mengi. Msemo huo ulikuwa ukiimbwa hotelini pwani tangu mapema miaka ya 1980, kundi la Them Mushrooms lilipoutoa wimbo wa Jambo Bwana, miaka zaidi ya kumi kabla ya ngiri na rafiki yake kuuimba. Mwaka 1994 Disney iliomba kuusajili kuwa alama ya biashara nchini Marekani kwa ajili ya nguo, ikapewa mwaka 2003. Mwishoni mwa mwaka 2018 mwanaharakati wa Zimbabwe, Shelton Mpala, alianzisha ombi la kupinga jambo hilo, na zaidi ya watu 100,000 wakatia sahihi. Ni kweli kwamba usajili wa namna hiyo haumzuii mtu kusema maneno kinywani mwake. Humzuia mfanyabiashara mwingine kuyauza juu ya fulana huko ulikosajiliwa. Hata hivyo ghadhabu ya watu ilikuwa na mantiki. Aliyekwenda kuchota kisimani kwa jirani hapaswi kurudi na hati ya kisima. Ama sisi wenyewe, ukweli ni kwamba mzee wa Kimvita akikutuliza atakuambia "hapana taabu" au "si neno", na "hakuna matata" humwachia mgeni aliyevaa kaptura.

Tuje kwenye hadithi yenyewe ya kanda ile ya 1998, maana imedharauliwa na wahakiki kuliko inavyostahili. Michoro yake ni duni ukiilinganisha na ya kwanza, na nyimbo zake hazifiki mbali. Kisa chake lakini kina uzito ambao mzazi anaweza kuutumia. Simba sasa ni mfalme na ana binti, Kiara. Nje ya mipaka ya nchi yake wanaishi simba waliofukuzwa, wafuasi wa yule ami yake dhalimu, wakiongozwa na Zira. Zira analea kijana wake Kovu kwa lengo moja tu: akue, apate imani ya mfalme, kisha amuue. Kovu hakuchagua chuki hiyo; amenyonyeshwa. Naye Simba, aliyedhulumiwa utotoni, amekuwa baba mwenye hofu anayemhukumu kijana kwa jina la aliyemlea. Wakati mfalme anamfukuza Kovu mbele ya wanyama wote, kwa kosa ambalo hakulitenda, mtazamaji mdogo anajifunza kwamba hata shujaa wa filamu ya kwanza anaweza kudhulumu. Mwishoni pande mbili zinapokutana vitani, ni watoto wawili wanaosimama katikati. Zira anaanguka kwenye mto uliofurika, na Kiara, binti wa adui yake, anamnyoshea mkono ili amwokoe, lakini mama yule haupokei.

Katika kaunti yetu hadithi kama hiyo haiwi ya mbali. Wafugaji huingia na mifugo katika mashamba makubwa ya ranchi ukame unapobana, na wenyeji hulalamika. Mipaka ya kaunti upande wa Mackinnon Road huzusha maneno kila mara. Mambo hayo yana mahakama zake na wazee wake. Lakini usiku, chakula kinapopakuliwa, wakubwa huwataja "wale" kwa namna fulani, na mtoto aliyeinamia sahani anasikia. Kovu alilelewa hivyo hivyo.

Upo upande mwingine ambao katuni haiwezi kutusaidia, na hapo mzazi wa Sagalla au wa Kasigau ana kazi ambayo mzazi wa mji mwingine hana. Simba wa filamu anakua kwa kula wadudu, na anaimba na ngiri ambaye kwa desturi ya dunia angekuwa chakula chake cha jioni. Mtoto wa hapa analala akijua kwamba simba ni mnyama anayeruka boma na kuondoka na mbuzi. Mwaka 1898, tangu Machi hadi Desemba, madume wawili waliusimamisha ujenzi wa reli penye mto Tsavo. Wengi wa waliouawa walikuwa vibarua walioletwa kutoka Bara Hindi, na Waislamu walikuwa wengi miongoni mwa vibarua hao. Wako pia Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa. Mhandisi John Henry Patterson alimpiga wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29. Idadi ya waliokufa iligeuka kila aliposimulia, hata ikafika 135. Uchunguzi wa kisayansi uliotangazwa mwaka 2009, uliopima mifupa na nywele za simba wenyewe, ulikadiria kwamba walioliwa ni watu 35 hivi. Ngozi zao Patterson alizikanyagia sebuleni kama mazulia kwa robo karne, kisha mwaka 1924 akaziuzia jumba la makumbusho la Field huko Chicago kwa dola 5,000, na hadi leo wamesimama pale wakiwa wamejazwa.

Mgeni akiwaona huko Chicago hustaajabu kwamba hawana manyoya ya shingo. Mtoto wa Voi hawezi kustaajabu, kwani madume wengi wa Tsavo wana manyoya haba au hawana kabisa. Nchi yetu ni ya joto na ya miiba. Simba wa Disney mwenye nywele nyekundu zinazopeperuka angepata taabu kupita kwenye vichaka vya Irima. Na si hilo tu lililokosewa. Yule Timon mwembamba ni mnyama wa kusini mwa Afrika. Hapa tuna nguchiro, ambaye ni wa jamaa yake. Rafiki amepakwa uso wa nyani wa misitu ya Afrika ya Kati, akapewa mkia wa nyani wetu wa kawaida, wale wanaotuibia mahindi. Zazu peke yake ndiye mwenyeji kamili: hondohondo wa mdomo mkubwa tunao tele, na wana kiburi kile kile.

Hesabu ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilikuta simba 2,500 hivi katika Kenya nzima. Hao ni wachache kuliko wanafunzi wa shule mbili tatu kubwa za mji. Wakati huo huo sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na hadi milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Mifugo iliyoliwa nayo ina fidia yake. Malipo hayo huchukua miaka, na mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake wanne hana hamu ya kuambiwa kwamba simba ni mfalme. Mtoto anayeipenda filamu hii na ambaye babu yake anachunga upande wa Bachuma anayabeba mambo mawili kichwani: mnyama anayemlilia kwenye skrini na mnyama ambaye nyumbani anaombewa apate sumu. Tumwache ayabebe peke yake? Tukimweleza kwamba simba hawana mfalme, kwamba majike ndio wawindaji wakuu, kwamba dume mgeni akilitwaa kundi huwaua watoto wa aliyemtangulia, ataona kwamba ami wa Simba hakubuniwa kutoka hewani. Na tukimweleza kwamba boma imara huokoa mbuzi na simba kwa pamoja, atakuwa na neno la kumwambia babu.

Jambo la mwisho ni la aliyekosekana. Katika filamu zote hizi zilizotumia majina yetu na nchi yetu, Sungura hana nafasi. Ni ajabu kubwa. Edward Steere alipozikusanya hadithi za Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, kimo kisa cha sungura, fisi na simba, na mwenye akili humo si simba. Katika ngano za pwani na za milimani Taita, mwenye nguvu hutawala na mdogo humzidi kwa ujanja, na msikilizaji hucheka akiwa upande wa mdogo. Hata kitabu cha Kalila wa Dimna, alichokitia Ibn al-Muqaffa katika Kiarabu karne ya 8, kina simba anayedanganywa na sungura hata akajitupa kisimani akipigana na kivuli chake. Disney imechukua upande wa ikulu: heri ni mfalme halali arudi kwenye kiti. Bibi zetu walikuwa na mashaka na viti.

Simba's Pride ina dakika 81. Ikiwashwa baada ya swala ya Alasiri, huisha ikiwa imebaki saa nzima na zaidi kabla ya adhana ya Magharibi. Ndiyo saa ya kuzima runinga, kumwita bibi kama yuko, na kumtoa Sungura.